Mita Tisa

Dukani kwa Mustansir, nyuma ya Barabara ya Digo,
darubini zimelala katika kabati la kioo
kama mikufu inayongoja harusi,
kila moja na nambari ubavuni.

"Nane kwa arobaini na mbili," anisomea.
"Ya kwanza ni mara ngapi itakukuzia,
ya pili ni upana wa kioo cha mbele.
Upana ndio mdomo wa kunywea mwanga.
Watu huja hapa wakitaka ya kwanza tu."

Na mimi ni watu.
Nilishaishika ya ishirini kwa hamsini,
nikaielekeza mlangoni, ng'ambo ya barabara:
kibao cha wakili kikanirukia usoni,
herufi zake zikicheza chakacha,
kwani mkono wangu una mtetemo,
na mtetemo nao umekuzwa mara ishirini.

"Hiyo yataka miguu mitatu," akasema,
"wewe umekuja na miwili."

Kisha maswali.
Ni ya ndege? Ya ndovu, huko Shimba Hills?
Ya mpira, kwa anayekaa viti vya nyuma?
Mwenyewe avaa miwani?
Shingo yake yaweza uzito gani?

Ni ya mama, nikamwambia.
Avaa miwani. Shingo ni ya mtu wa miaka sabini na minane.
"Na ataka kuona nini?"
Kofia.
"Kofia. Umbali gani?"
Nikaupima uchochoro kichwani:
mita tisa. Labda nane na nusu,
tangu jirani wa chini aongeze baraza.

Mustansir akaweka kalamu.

Ni hivi. Mama yuko ghorofa ya tatu, Kibokoni.
Bi. Zena yuko ghorofa ya tatu, dirisha kwa dirisha.
Kati yao kuna kamba za nguo, nyaya za stima
na kunguru wasio na haya.
Magoti ya Bi. Zena yalizikataa ngazi kwanza,
ya mama yakafuata, kama kawaida yao.
Miaka arobaini walidarizi mkeka mmoja,
huyu akitoboa vito, yule akivizungushia uzi.
Sasa kiharusi kimechukua nusu ya mdomo wa Bi. Zena,
na mtoto wa jicho amepita kwa mama,
akapasuliwa, hakuondoka na kila kitu chake.

Kila baada ya alasiri Bi. Zena huinua kofia dirishani.
Mama hutikisa kichwa: maashallah.

"Mwezi mzima namsifu," aliniambia juzi, akikunja kanga,
"na sioni hata tundu moja.
Hiyo si sifa. Ni uongo wenye adabu."

Mustansir alifungua droo ya chini kabisa.
"Hizi kubwa," akasema, "hazimjui jirani.
Mpe kitu cha mita tisa, akuoneshe uji."
Akatoa kadogo, keusi, kalikochubuka pembeni,
sita kwa thelathini, kuukuu.
Akakainua kwenye taa, akachungulia kwa nyuma:
"Chumvi ya pwani huingia, ukungu ukaota ndani
kama utandu wa buibui. Haka kasafi."
Akakunja mipira ya machoni, nafasi ya miwani.
Kalikuwa na uzito wa pakiti ya sukari, ile ya nusu.
Tukabishana bei hadi adhana.

Alasiri, kofia ikainuliwa.
Mama akazungusha gurudumu kwa kidole kimoja,
taratibu, kama atafutaye stesheni ya redio.
Akanyamaza.
Nikaona kifua chake kikisimama.

Kisha akainua mkono:
vidole vitatu. Akaonesha kushoto.
Akafanya ishara ya kuvuta uzi.
Mstari wa tatu. Fumua.

Kule ng'ambo Bi. Zena alicheka
kwa ile nusu iliyobaki,
mabega yakimtikisika hata sindano ikamdondoka.
Halafu akagusa jicho lake moja, akagusa la pili,
akatunyooshea kiganja kitupu.

"Waona?" mama akasema, bila kuishusha.
"Auliza yake iko wapi."

Kesho narudi kwa Mustansir.
Safari hii nambari nazijua.